Leo Nimetolewa Langoni

Jamani, leo nimefukuzwa mbele za watu.

Miaka mitatu nabeba mawe hapa kwenye ujenzi wa boma la Wajerumani. Shemeji yangu Lemburis alikuja baada yangu, akawa fundi kabla yangu. Asubuhi nilimlalamikia Mungu: mbona mimi tu?

Mchana msimamizi akawaita mafundi wote ndani.
Nami nikajipenyeza.

"Wewe kibarua, toka!" msimamizi akanifokea.

Nikatoka kwa aibu. Lango likafungwa.

Lilipofunguliwa, mafundi walikuwa wamefungwa kamba. Wanapelekwa vitani kubeba mizigo.

"Shemeji, nitunzie mama!" Lemburis akalia.

Askari akanitazama. "Vibarua ni kesho."

Wenzangu, kesho msije.

Mungu ameniongoza, najua. Lakini mke wangu nimwambie nini kuhusu kaka yake?