Mahali pa Kupumzika Mlimani

Wiki jana nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja huku Kitui, na karani alikuwa akichora ramani ya njia ya wageni watakaopanda mlima wetu. Mama mmoja akaweka kidole juu ya karatasi.

“Hapa umeandika nini?”

“Mahali pa kupumzika, mwaitu,” akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. “ Kuna kivuli na mawe mazuri ya kukalia.”

“Futa. Hapo ndipo nilipomshusha mtoto mgongoni nimpe maji, tukikimbilia zahanati. Nikakuta amekwisha.”

Karani akafuta polepole, bila kumtazama.

Wageni wataupanda kwa raha. Sisi tunaupanda kwa sababu zahanati iko ng'ambo, na mimi naishi upande huu, jamani, na wangu ana miezi minne! Nilirudi nyumbani kwa njia hiyo hiyo, mwanangu mgongoni, mkono nyuma, nikimshika mguu kila hatua nione kama una joto.