Spika Iliyonitaja Jina

Sijui wewe mwenzangu ulinyimwa mke kwa sababu gani.

Wengine hunyimwa kwa ulevi. Wengine kwa kukosa kazi. Mimi, Zein, mpiga besi, nilinyimwa mke na spika.

Usicheke kwanza. Ngoja nikupe kisa chote, kisha utacheka mwenyewe.

Mwaka ni 1948. Vita vya Wazungu vimekwisha, na Mombasa nzima kila mtu anataka kitu chenye waya.

Nilikuwa napiga besi katika kikundi cha taarab pale Kibokoni. Kama hulijui besi, ni fidla iliyokula ikashiba. Ukisimama nalo mnalingana kimo, na ukilibeba unalijua uzito wake mpaka kesho yake.

Shida yake ni moja tu: halisikiki.

Pakiwa na udi, fidla, dumbaki na kina mama wanaopiga vigelegele, nani atasikia besi? Harusi baada ya harusi vidole vinanichubuka, kisha watu wanakwenda kumpongeza mwimbaji.

Mwimbaji ndiye Faraj, mkuu wa kikundi. Alikuwa na sauti nzuri, na hakuna aliyelijua hilo kumshinda yeye mwenyewe.

Basi, siku hizo nilikuwa nimepeleka posa Bondeni, kwa Mzee Jamaldin. Nilimtaka binti yake, Khairiya. Nasema wazi, nilimpenda hata chakula kilikuwa hakipiti.

Mzee hakukubali, wala hakukataa. Alimwambia mjomba wangu, "Kijana wenu nasikia ni mtu wa ngoma."

"Si ngoma, mzee. Apiga besi."

"Besi? Mimi sijapata kulisikia. Jibu nitawapa baada ya Ijumaa."

Maneno yale yaliniuma. Miaka yote ile napiga, na mkwe wangu hajui kama nipo!

Kwa hivyo Faraj aliposema kikundi kinunue spika, mimi ndiye niliyeitikia wa kwanza.

Tukaenda dukani kwa bwana mmoja akiitwa Levi, aliyekuwa akiuza vitu vilivyobaki vya jeshi. Alikuwa na mashine mbili.

Ya kwanza ilikuwa kisanduku cha mbao, spika yake imo ndani. Mtu mmoja anakishika kwa mkono mmoja na kwenda zake. Nikasogeza besi karibu na maikrofoni, nikagusa uzi mmoja.

Lahaula!

Sauti ilitoka nzito, laini, ikanipanda kifuani. Ndiyo mara ya kwanza kujisikia. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Ni hii," nikasema.

Faraj akakitazama kile kisanduku kama mtu aliyeandaliwa chai baridi. "Yasikika mpaka wapi?"

"Ua mzima," Levi akajibu.

"Ua? Yakhe, uani hata paka wangu husikika! Mimi nataka Majengo wasikie."

Majengo ndiko kulikokuwa na kikundi cha mahasimu wetu. Faraj hakuwa akiimba ili watu wafurahi. Aliimba ili Majengo wakose raha.

Levi akatupeleka nyuma ya duka. Huko palikuwa na dude la chuma, betri ya gari, na tarumbeta la bati lililoachama mdomo, ndilo spika yenyewe.

"Hii ilikuwa kambini," akasema. "Uwanja mzima wa askari wasikia amri."

"Lakini yabebeka?" nikauliza. "Sisi kazi yetu ni kwenda majumbani mwa watu."

"Yabebeka sana. Tazama, ina mikono."

"Hata jeneza lina mikono, bwana. Lakini hubebwa na mtaa mzima."

Faraj akanikata jicho. Nikaomba nilijaribu besi langu pale. Likatoka mlio wa nyuki waliofungiwa mkebeni. Ile sauti ya chini, ambayo ndiyo besi lenyewe, haikutoka kabisa. Bati haliiwezi.

Nikamwambia Faraj. Unajua alinijibu nini?

"Mambo ya chini yaache chini."

Kisha akachukua maikrofoni, akavuta sauti kidogo tu. Watu barabarani wakageuka. Akajisikia, akafumba macho. Nikajua hapo hatuna la kusema tena.

Harusi ya kwanza ilikuwa Alhamisi, nyumbani kwa Bi Hind, hapo hapo Kibokoni.

Sasa nisikize vizuri, maana hapa ndipo penye kisa.

Kwetu hupigi muziki hivi hivi tu. Asubuhi ya harusi, mtu huzunguka mtaani akabisha kila nyumba: "Hodi. Jamani, hapana mgonjwa? Hapana msiba?" Pakiwa na msiba, dumbaki hufungwa kwa kanga na watu wakala pilau yao kimya kimya. Hata asiyeswali hujua hilo.

Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Mwanabaraka, dada yake Bi Hind. Alikuwa na mpaka wake: akifika kwenye msikiti wa mwisho wa mtaa, hurudi. Ng'ambo ya hapo dumbaki halisikiki, kwa hivyo huko si jirani.

Siku ile alizunguka hadi mpaka wake. Kila nyumba ikamwambia, "Bismillahi, furahini."

Sisi nasi tukaanza kubeba chombo chetu cha kubebeka.

Mkokoteni wa Dzoro, hamali wetu, ulikwama kwenye kichochoro cha kwanza. Dude likashushwa. Betri ikamwagika, ikamtoboa Faraj kanzu. Tulipofika, ngazi za Bi Hind zikalikataa, nyembamba. Na Faraj hataki liwekwe chini, anataka paani, lielekee Majengo.

Tukalivuta kwa kamba, nje ya ukuta.

"Nani alosema hiki chabebeka?" Dzoro akauliza, mishipa imemtoka shingoni.

"Mwenye duka."

"Basi mwenye duka naaje alibebe!"

Kazi hiyo ilitula mchana wote. Siku nyingine, saa hizo ningekuwa nimekaa barazani, ambako habari za mji hufika zikiwa bado moto. Mama yangu alimtuma mtu anitafute. Alinitafuta kila baraza. Nani angefikiria kutazama juu?

Baada ya alasiri tukaanza, sisi wapigaji huko huko paani.

Jamani, Faraj aliimba! Sauti ilitoka kwenye lile bati ikaruka mapaa. Kunguru wakahama. Uani vigelegele, nje watoto wanakimbia. Besi langu? Nyuki, mkebe. Nikipiga nisipige, mamoja.

Faraj utamu ukamzidi. Katikati ya wimbo akanyamazisha wapigaji, akaikumbatia maikrofoni, akaanza kututaja kwa majina. Hakupata kufanya hivyo maisha yake.

"Na anayewaliza kwa besi," akanguruma, "ni Zein, mwana wa Swabaha! Leo kwetu furaha! Mwenye kununa na anune! Mwenye kulia na alie!"

Hayo aliwapelekea Majengo. Mimi nilisikia jina langu tu. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Nikasema moyoni, leo Mzee Jamaldin atajua kama nipo.

Na kweli, alijua.

Haukupita muda, Bi Mwanabaraka akatokea paani, buibui limemshuka mabegani, pumzi hana.

"Zimani! Zimani hilo balaa!"

"Kuna nini, bi mkubwa?" Faraj akauliza.

"Bondeni kuna maiti!"

"Bondeni ni mbali."

"Ilikuwa mbali jana!" Bi Mwanabaraka akamjibu. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Zein mwanangu, ni dada yake Mzee Jamaldin. Amekufa adhuhuri. Mlipokuwa mwasema yale maneno, ndipo walipokuwa watoa jeneza."

Nikalishikilia besi nisianguke, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kunifaa kitu.

Nilikwenda Bondeni jioni ile ile. Wanaume wameketi mikekani nje ya nyumba. Kila niliyempa mkono aliupokea kwa ncha za vidole.

"Mola awape subira, mzee," nikasema. "Mimi ni—"

"Jina lako nalijua," Mzee Jamaldin akanikata, taratibu, bila hasira. "Limeingia mlangoni mwangu wakati jeneza latoka. Nimeambiwa mwenye kulia na alie. Basi twalia."

"Mzee, wallahi si mimi niliyesema. Mimi napiga besi tu."

Akanitazama kwa macho mekundu.

"Besi?" akasema. "Hilo sikulisikia."

Jibu la posa halikungoja Ijumaa.

Nililia, sikufichi. Faraj alinifariji kwa namna yake. Aliniuliza kama nimepata habari iwapo Majengo walisikia.

Mwaka uliofuata Khairiya akaolewa. Nikauliza, kaolewa na nani? Nikaambiwa, na mpiga besi.

Mpiga besi! Wa Majengo!

Walikwenda dukani kwa Levi baada yetu, wakakichukua kile kisanduku cha mbao. Wakapiga kwenye harusi moja Bondeni, na Mzee Jamaldin alikuwa amealikwa, ameketi mbele. Sauti ikajaa ua, haikuvuka ukuta. Wanasema mzee alifumba macho, kisha akauliza, "Kumbe besi ndilo hili? Kijana huyu ni wa nani?"

Lile tarumbeta liko paani kwa Bi Hind hadi leo, kulishusha kumeshindikana. Kuku wa Bi Mwanabaraka hutagia ndani yake, na ndiye peke yake aliyepata faida.

Funzo langu ni hili, ulichukue au uliache. Chombo kikikuongezea sauti, kimekuongezea na majirani. Kawabishie hodi kwanza.

Na muuzaji akikwambia kinabebeka kwa sababu kina mikono, mwambie hata lile jeneza la Bondeni lilikuwa nayo.