Siku Nilipoenda Ukweni na Koti la Mafuta ya Kondoo

Mnacheka hata sijaanza. Haya, chekeni, aibu yenyewe nilishaizoea, ilinipata mwaka wa hamsini na tisa mbele ya wazee wa kanisa, mbwa wawili na msichana niliyekuwa nataka kumwoa, na nisipoisimulia mimi kuna mtu ataisimulia na chumvi yake, kwa hivyo afadhali niitoe mwenyewe, na niseme mapema kwamba hakuna wa kulaumiwa ila mimi na haraka yangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafanya kazi Nakuru kwa gareji ya Kalasinga mmoja ambaye sisi wote tulimwita Fundi. Kazi yangu ilikuwa kupeleka spea na piki piki, mikanda ya mashine, beringi, misumeno, mpaka viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo, na kama unaijua ile barabara ya siku hizo (vumbi mpaka Njoro, halafu matope, halafu mvua ya mawe, na yote ni siku moja) utajua haikuwa kazi ya mtu wa kupenda starehe. Mimi nilikuwa na koti kuukuu la sufu ambalo likinyeshewa linakuwa zito kama debe la maji, na nikifika huko juu natetemeka mpaka makarani wananionea huruma, wananipa chai kabla hawajaniuliza nimeleta nini.

Lakini Fundi mwenyewe! Huyo mtu, wallahi, mpaka leo sijaona binadamu anajua kuvalia mvua kama yeye. Siku moja alitoka Timboroa kwa mvua ambayo ilikuwa imesimamisha malori, akaingia gareji maji yanamtiririka kama ametolewa mtoni, akavua glavu, akafungua vifungo polepole, kimoja kimoja, na ndani kulikuwa na shati jeupe, kavu, kola imepigwa pasi. Nilisimama na spana mkononi nikasahau nilikuwa nafungua nini.

Koti lenyewe alikuwa amelikata mwenyewe kwa turubai ya lori. Kola ilipanda mpaka masikioni, mikono ilikuwa mirefu kupita vidole ili glavu ziingie ndani yake maji yasipate njia, mbele limepishana mara mbili, na chini kulikuwa na kanda mbili za ngozi za kufunga mapajani ili upepo usilipeperushe na mvua isikusanyike pale unapokalia. Na lote limepakwa yale mafuta ya maseremala, ya kupaka milango, mara tatu, kila mara likianikwa kivulini siku nne, tano, mpaka likauke kabisa. Nilimuuliza mtu anachaguaje koti kama hilo, akanipandisha juu ya piki piki hapo hapo gareji, nimevaa lile koti langu la sufu.

"Koti ya piki piki hapana chagua na macho," akasema. "Chagua na matako. Kaa. Shika usukani. Nyosha mkono. Ona, mkono ya koti napanda mpaka hapa. Hii koti ya kwenda sinema."

Akanipa kipande cha turubai bure kabisa, akanituma kwa fundi wa cherehani na vipimo alivyochukua nikiwa nimekaa juu ya piki piki (fundi wa cherehani alicheka, hajawahi kushona koti la mtu aliyekaa), na Jumanne nikalichukua, bado halijapakwa mafuta. Jamani, koti lilinikaa! Nilijitazama kwa kioo cha duka la kinyozi, nikageuka, nikajitazama na nyuma.

Shida ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo ndiyo siku tulikuwa tumepewa na Mzee Zakaria, nyapara wa kiwanda kimoja cha mbao huko Elburgon, baba yake Wairimu. Wairimu nilikuwa nimemwona nikipeleka misumeno, tukasalimiana, tukaandikiana barua mwaka mzima, na sasa nilikuwa natuma watu wa kuniombea uchumba. Lakini Mzee Zakaria alikuwa mzee wa kanisa, ameokoka, na alikuwa ameshawarudisha vijana wawili nyumbani, mmoja kwa sababu ya pombe na mwingine kwa sababu mama yake alikwenda kwa mganga. Akikukataa mara moja ndio basi, hutapewa siku nyingine. Nilikuwa silali vizuri.

Fundi alijua. Alhamisi akaniita. "Wewe nataka paka mafuta leo, koti hapana kauka. Vaa yangu."

Sikieni ujinga. Mtu amenitolea lile koti lake, lile ambalo hata ndugu yake hakuwahi kuliazima, na mimi nikanyosha shingo nikamwambia, "Fundi, sisi tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako." Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kufika kwa wakwe na changu. Yeye hakukasirika, alitikisa kichwa akarudi kwa injini yake.

Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, ndiye alikuwa msemaji wangu, na yeye na mzee mwingine wangeenda na treni. Mimi nilikuwa na kiti kwa hiyo treni. Ningekaa. Lakini hapana, nilikuwa nataka nisikike nikija! Basi Ijumaa jioni nikakumbuka jinsi nyanya alikuwa anapaka ngozi mafuta ya kondoo, na mvua inateleza juu yake, na nikaona hiyo ndiyo dawa, haina haja ya kukaushwa. Nikaenda kwa muuza nyama nikanunua mkia wa kondoo mzima, nikauyeyusha kwa sufuria, nikalipaka koti lote, ndani ya mishono, chini ya kola, kila mahali, likashiba. Nikamwaga maji ya kikombe, yakateleza yote chini. Nikajiambia, kumbe hata Fundi hajui kila kitu.

Asubuhi nikaondoka. Mpaka Njoro vumbi lote la barabara lilikuwa linanishika na haliniachii, koti likawa rangi ya barabara yenyewe, lakini nikasema mvua italiosha. Na kweli, kupita Njoro mvua ikaja, na maji yakateleza, ndani niko mkavu kama unga, nikaanza kuimba. Niliimba kama maili tatu hivi. Halafu ikaja mvua ya mawe na ule upepo wa msitu wa Mau, baridi ya kukata masikio, na nikaanza kusikia mikono ya koti inakuwa migumu. Sikujali. Mafuta ya kondoo, nyinyi mnayajua, kwa joto la Nakuru ni laini, lakini kwa baridi yanaganda kama mshumaa, na mimi nilikuwa nimelipaka mkia mzima, na nimekaa kwa piki piki saa mbili mikono mbele.

Nikafika kambi ya kiwanda. Wazee wametoka nje kunipokea (si nilitaka nisikike), Mzee Zakaria mbele na koti lake jeusi la Jumapili, baba mdogo kando yake anatabasamu kwa fahari. Nikazima injini, nikashuka. Mikono ikabaki mbele. Nikajaribu kuishusha, ikakataa. Nilisimama hapo mbele ya watu ninaowaomba msichana, mikono imenyoka kama bado naendesha, magoti yameachana kwa sababu hata chini koti lilikuwa limeganda. Mzee Zakaria akanipa mkono. Ikabidi niinamishe mwili wote ndio vidole vyangu vifikie vyake.

"Shusha mikono," baba mdogo akaninong'oneza.

"Haishuki, baba."

"Haishuki namna gani?"

Mama ya Wairimu, Mungu ambariki, alifikiri ni baridi. "Pole, mwanangu, umeganda! Njoo ukae hapa karibu na moto." Nilijaribu kufungua vifungo nikashindwa, vidole havina nguvu na matundu yamezibwa na mafuta, kwa hivyo nikaketishwa vile vile, kigoda kimekaribia moto, na Mzee Zakaria akasimama kufungua na maombi. Yalikuwa maombi marefu. Alianza na Ibrahimu. Alipofika Isaka mikono yangu ilianza kushuka yenyewe polepole, nikasema Mungu wangu asante, halafu nikasikia tone moja limeanguka sakafuni, halafu lingine, na ile harufu ikaamka.

Sasa nyinyi vijana hamwezi kujua harufu hiyo ilikuwa inasema nini kwa nyumba kama ile. Hapo zamani mtu wetu akibarikiwa, akitakaswa, akitengenezewa dawa ya kupendwa, alipakwa mafuta ya kondoo. Na mambo ya viapo vya siri vya wakati wa vita vya msituni yalikuwa hayajasahaulika, mtu akisikia kondoo na sherehe anaanza kutazama mlango. Mzee Zakaria alikuwa amemwacha ndugu yake wa damu kwa sababu ya mafuta hayo hayo. Mbwa wawili waliingia katikati ya maombi, wakaja moja kwa moja kwangu, wakaanza kulamba upindo wa koti. Nikawapiga teke kidogo kidogo macho nimefunga. Hawakujali.

"Amina," akasema Mzee Zakaria, kabla hajafika Yakobo. Akanitazama. "Kijana. Kabla ya kuja kwangu umepitia kwa nani?"

Na hapo ndipo desturi ilinimaliza, kwa sababu siku ya kuombewa msichana, bwana harusi hafungui mdomo, msemaji ndiye anajibu. Nikamtazama baba mdogo. Baba mdogo alikuwa hajui chochote juu ya mkia wa kondoo, maskini, lakini alikuwa anataka kunisaidia.

"Mzee," akasema na sauti tamu, "bila shaka ni nyanya yake tu amembariki kwa ajili ya safari."

Niliona kifo. Mzee Zakaria akachukua Biblia yake mezani, akaiweka kwapani, na nikajua mtu akiweka Biblia kwapani ndani ya nyumba yake mwenyewe anataka kuwasindikiza wageni. Mama akaweka kitambaa mdomoni. Mwaka mzima wa barua ulikuwa unaondoka mbele yangu na mimi nimekaa nadondosha mafuta kama nyama ya kuchoma. Nililia. Nasema ukweli, machozi yalitoka, na hata hayo yalipofika kwa kola yaliteleza.

Mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia Wairimu na birika la maji na beseni. Alikuja kunawisha wageni mikono, hiyo tu ndiyo kazi aliyokuwa nayo siku hiyo, na yeye pia hakuruhusiwa kusema. Akapita wazee wote. Akaja mpaka kwangu, akainua birika, akanimwagia maji begani. Maji yakateleza yote mpaka kwa beseni, begani hakubaki hata alama. Akakwaruza mkono wa koti na kucha, akanusa kidole, akamgeukia baba yake.

"Baba, hii si dawa. Hili ni koti la mvua, amelipaka mafuta ya kula." Akanitazama mimi. "Huyu hajaenda kwa mganga. Huyu ni mjinga tu."

 Msichana amesema mbele ya wazee! Nimeshaona watu wakiitwa mashujaa kwa mambo madogo kuliko hayo, na mimi nikiwa na mikono yangu nusu juu nusu chini nilimtazama na nikajua nimechagua vizuri hata kama koti limenishinda.

Mzee Zakaria akaweka Biblia chini. Akaja akashika upindo, akaugeuza, akaangalia mishono, akavuta kanda za mapajani. Mtu wa mbao, anajua kazi. "Hii imekatwa vizuri sana," akasema. "Nani alikata?"

Baba mdogo alifungua mdomo, mzee akamnyamazisha na mkono. "Ajibu mwenyewe."

"Fundi wangu alichukua vipimo, mzee."

"Na hakukuambia upake mafuta ya milango?"

"Aliniambia, mzee. Lakini hayangekauka kabla ya leo."

"Kwa hivyo wewe hujui kungoja." Alinitazama mpaka nikaona aibu upya. "Basi utajifunza. Mkunywe chai, mle, mwende. Mtarudi baada ya Krismasi tuongee."

Ilikuwa mwezi wa nane! Lakini alisema mtarudi, hakusema msirudi, na baba mdogo alifahamu hilo upesi kuliko mimi, akaanza kushukuru. Kurudi, nilirudi na treni, piki piki ikachukuliwa na lori la mbao. Nilipomwambia Fundi yote hakunicheka. Alilichemsha koti na magadi kwenye pipa, akalisugua yeye mwenyewe, akalianika, akalipaka mafuta yale yanayotakiwa mara tatu, na mimi nikawa naligusa kila asubuhi na kidole na yeye ananiambia, "Bado." Nilivaa koti hilo miaka kumi na sita na halijawahi kuniingizia tone.

Tangu siku hiyo mtu anayejua kazi yake akinitolea kitu chake nachukua na mikono miwili, na akiniambia bado, nangoja, hata kama ni mwezi. Mwezi wa kwanza tulirudi kwa Mzee Zakaria na maneno yakaisha vizuri, tukaoana. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Wairimu alipata wapi moyo wa kuzungumza mbele ya wazee wote wale, nikitegemea aniambie jambo la mapenzi. Alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua macho.

"Ningenyamaza," akasema, "si ningeolewa na mtu mwenye akili?"