Kadi Imekufa

Mimi nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Ujiji nzima inalijua hilo. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya Kigoma mjini iliyokuwa ikitafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Picha za watoto waliopatikana kambini zilitumwa kwa mtandao, zikaingia kwenye seva yetu, kompyuta kubwa iliyokaa nyuma ya pazia.

Asubuhi moja seva ikakata mawasiliano. Na nje ya pazia, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Yeye na mwanawe walipotezana wakikimbia, kila mmoja akapandishwa boti lake. Tuliambiwa kuna mtoto kambini, umri unalingana, hajui hata jina la baba. Picha yake ilikuwa ije siku hiyo, mama aitazame kama ndiye.

Nikaanza na waya. Nikaubadilisha, wapi! Nikauhamishia tundu jingine, wapi! Nikauchomeka kwenye kompyuta ya mhasibu, taa ya kijani ikawaka pale pale. Basi waya ni mzima, ugonjwa uko ndani ya seva, kwenye kadi ya mtandao, kile kibao kinachopokea waya. Nikazima seva, nikaichomoa kadi, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Taa ikapepesa kidogo, ikazima. Nikaichomoa tena nikaibwaga mezani.

"Kadi imekufa!" nikafoka. "Imekufa kabisa, tusidanganyane!"

Nje nikasikia kilio cha msiba. Nikatoka mbio, namkuta yule mama yuko sakafuni, mikono kichwani. Kumbe kwa watu wa kambini, kadi ni ile ya chakula, yenye majina ya familia. Ukifutwa kwenye kadi, wewe hupo tena.

"Mtoto yangu amekufa," analia. "Sema tu, dada, usinifiche."

"Ala! Hapana, mama! Mtoto hajafa! Ni chuma hiki!" Nikaileta kadi, nikamwekea kiganjani.

Akaigeuzageuza. "Hii ndiyo imekufa?"

"Hiyo."

"Mungu asifiwe," akasema, akaifumbata. Jamani, nilimpenda hapo hapo. Nikakaa naye sakafuni mpaka pumzi zikamtulia.

Kisha nikaenda kuing'oa kadi nzima ya mtandao kwenye kompyuta ya mhasibu. "Na mishahara je?" mhasibu akauliza. Nikamwambia mishahara itasubiri, nikamkata jicho. Nikaipachika kwenye seva, nikawasha. Taa ikawaka kijani, ikatulia.

Nikamketisha mama kitini mbele ya kioo cha kompyuta. Picha ilifunguka polepole kuanzia juu. Kwanza kichwa, kimenyolewa vizuri. Paji la uso. Macho. Pua haijafika, mama kishasimama.

"Ni yeye," akasema. Machozi yakamtoka, na mimi yangu yakanitoka, sikujali nani ananiona. Akapitisha kidole juu ya kioo, kwenye kile kichwa. "Nani anamnyoa?"

Nikamwambia ni mama mmoja kule kambini. Alimkuta ufukweni peke yake, akamchukua, na tangu hapo anamlea na kumlaza kwake. Gari la kwenda huko lilikuwa tayari mlangoni, nilidhani atalikimbilia. Badala yake akakaa tena kitini.

"Nikifika nitaanza kwa huyo mama," akasema. "Leo ni yeye atalala bila mtoto."