Sahani ya Bibi Mwanvua

Mimi njo mupishi wa nyumba ya wazee hapa Kasongo, na niseme mapema kwamba nina mudomo. Marehemu mume wangu alikuwa ananiambia, Faida, siku utakufa tutazika wewe kwanza, mudomo tutauzika kesho yake. Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki sana, ju mudomo ule ule njo ulifanya hii habari, na heri niieleze mwenyewe kabla Mama Victoire hajaieleza kwa namna yake.

Nyumba yetu iko nyuma ya parokia. Wazee ni kumi na mumoja, wanawake saba na wanaume wanne, wakristo kwa waislamu. Mimi muislamu, napikia nyumba ya masista, na hakuna mutu anashangaa. Mwaka jana Sista Laetitia, mukubwa wa nyumba, alitoka kwenye mafunzo Kindu na karatasi ya programu: Jumatatu nyimbo, Jumanne kusuka mikeka, Jumatano kisolo, ule muchezo wa bao, kwenye baraza, Alhamisi hadithi. Nilimuuliza kama kuna siku ya wazee kupumzika. Akaibandika karatasi ukutani. Lakini kweli yake nampa, ju mbele ya ile karatasi wazee walikuwa wanaamka, wanakaa kwenye kitanda, wanatazama mulango mpaka jioni. Sasa angalau walikuwa wanagombana. Muzee Atumani, fundi wa nguo wa zamani, alikuwa anaiba kokoto za kisolo waziwazi na kuapa kwa jina la mama yake.

Bibi Mwanvua alifika katikati ya kiangazi, kwa pikipiki, nyuma ya mutoto wake Bulaimu anayechimba dhahabu kule Salamabila. Alikuwa na furushi moja na sufuria moja. Bulaimu alisema kule kwao hakuna usalama, mama amezeeka, hawezi tena kukimbia. Alisema maneno hayo kwa haraka, macho kwenye pikipiki. Nilimuletea maji, hakunywa. Aliandika namba ya simu kwenye kitabu cha Sista, akasema, «Mama, narudi kisha mwezi,» na akaenda. Namba ile haijapokelewa hata siku moja.

Wakati ule tulikuwa tunakula vile watu wote wanakula, wanaume na sinia yao, wanawake na sinia yao kwenye mukeka. Siku ya kwanza nilimwita Bibi Mwanvua, akaja, akasimama pembeni. Nilimwambia, «Ikaa, bibi, muchele unapoa.» Akaniuliza, «Na mimi?» Nikamwambia, «Na wewe nini? Unataka tukuletee barua?» Wanawake wakacheka, wakasogea. Akakaa. Alikula polepole, vidole vyake vikikaa kando kando ya sinia, kisha siku zikapita na vidole vikasogea katikati kama vya watu wengine. Nilifikiri ni haya ya mugeni.

Miezi miwili alikuwa mutu. Alikuwa mwembamba, mufupi, na alikuwa anajua kusuka kupita wote. Aliniambia amezaa saba, wazima watatu. Amelima mupunga na karanga kule Lusangi tangu hajaota matiti mpaka mugongo ukakataa. Siku ya hadithi alikuwa anaanza kwa Kiswahili, ikinoga anaingia kwenye Kibangubangu bila kujua, na Atumani anapiga kelele kutoka upande wa wanaume, «Bibi, rudi Kasongo, umetuacha njiani!» Alikuwa anacheka na mukono kwenye mudomo ju ya meno yake mawili.

Halafu mvua ikaja, na mvua ikaleta kuhara. Wazee watano walilala. Munganga alisema kila mutu awe na sahani yake na kikombe chake. Sista akafurahi, ju hata kule Kindu walimufundisha kwamba muzee anapenda kuwa na kitu cha kwake. Akanunua sahani za bati, akachukua rangi nyekundu, akaandika majina kumi na moja kwa mukono wake. Wazee walifurahi sana. Atumani alizunguka nyumba yote akionyesha sahani kama mutoto wa masomo. Mama Victoire, mujane wa katekista, alikataa yake iwekwe chini ya nyingine.

Bibi Mwanvua hajui kusoma. Alishika sahani yake, akaniuliza hizo alama ni nini. Nikamwambia, «Ni jina lako, bibi. Hii ni yako peke yako, mutu mwingine hataikulia.»

Akaigeuza mara mbili. Akasema kwa sauti ndogo, «Kumbe waliwafikia.»

Nilimuuliza nani. Aliweka sahani chini na chakula chake ndani, akaenda kulala. Hakukula siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu Sista alimwita munganga, akapima damu, akakuta hakuna ugonjwa. Sista akasema labda anamulilia mutoto wake. Mimi nilikasirika, nasema ukweli. Napika tangu asubuhi, macho yamekuwa mekundu ju ya moshi, mutu anarudisha sahani imejaa. Nikachukua uji, nikaingia chumbani, nikamwambia, «Bibi, kama chakula changu ni kibaya, sema mbele yangu.»

Akakaa. Akasema yote, bila kulia, kama anaeleza habari za jirani.

Mume wake alipokufa, Bulaimu alimuchukua kukaa naye Salamabila. Mutoto wa Bulaimu wa miaka mine akashikwa na homa, akafa. Kisha mwezi wa pili mudogo wake naye akaugua. Safi, muke wa Bulaimu, akaenda kwa mutu wa maombi, na yule akasema kwamba anayekula watoto iko ndani ya nyumba, na ni mutu mukubwa. Nyumba ile ilikuwa na mutu mukubwa mumoja tu. «Hawakunipiga,» akasema. «Hawakunitukana. Waliniwekea tu sahani yangu. Walipiga alama ya moto chini yake, ili isichanganyike. Miezi kumi nilikula karibu na mulango, peke yangu. Wajukuu wangu walikuwa wanakatazwa hata kuiosha.»

Nikakaa naye kwenye kitanda. Nikamueleza habari ya kuhara na ya munganga, nikamwambia hakuna mutu wa kule kwao alitufikia na maneno, hapa kila muzee amepewa yake, hata Atumani. Akaitikia kwa kichwa. Alikunywa nusu ya uji. Alisema, «Nimeelewa, mwanangu,» lakini mutu anaweza kuelewa na chakula kikakataa kushuka.

Hapo njo nilifanya ujinga. Nilikwenda kwa Sista, nikaomba Jumanne, siku ya mikeka, nipike sinia moja ya wanawake, kuhara kumeisha na mikono itaoshwa kwa sabuni. Sista akakubali. Kama ningeishia pale, mimi leo ningekuwa mutu mwenye akili. Lakini nilipotoka nilimukuta Mama Victoire anachambua lenga-lenga, na nilikuwa nimejaa, ilikuwa lazima nimwage pahali. Nikamueleza kila kitu. Nia yangu ilikuwa nzuri, wallahi. Nilitaka amuhurumie yule mama, amukalishe karibu. Victoire alishika kifua, akasema, «Masikini.» Kisha akauliza, «Na yule mutoto wa pili alipona?» Nikasema sijui, sikuuliza. Akaendelea kuchambua majani.

Jumanne nilipika muchele wa mupunga mupya, na samaki wa muto Lualaba kwenye mawese. Niliupakua kwenye sinia kubwa. Wanawake saba waliweka mikeka pembeni, wakaosha mikono, wakakaa. Bibi Mwanvua alikaa na uso umefunguka, nikajisifu moyoni, nikasema Faida, leo umefanya kazi. Walisema bisimilahi wenye kuisema, wengine wakafanya musalaba. Mikono ikaingia. Kisha mukono wake ukaingia, na mikono mingine sita ikatoka.

Haikuwa kwa ugomvi. Mumoja alisema tumbo bado halijakaa vizuri. Mumoja akaanza kutafuta kitambaa chake. Mama Victoire akasema, «Kuleni, kuleni, mimi nimeshiba na chai,» na hapo aliyebaki na tonge mukononi ni Bibi Mwanvua peke yake, na sinia ya watu saba mbele yake.

Aliinua macho. Hakumuangalia Victoire, aliniangalia mimi. Alijua palepale maneno yalitoka wapi.

Kati ya Victoire na yeye palikuwa na nafasi ya mutu mumoja. Ilikuwa inatosha mimi nikae. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimeosha mikono. Na nieleze kile sijakieleza hata kwa Mungu vizuri: niliogopa. Nikamukumbuka mutoto wangu mudogo nyumbani. Nikasema, «Sufuria yangu inaungua,» nikaingia jikoni. Hakukuwa na sufuria kwenye moto. Nilisimama mule naangalia majivu mpaka nikasikia wanawake wanaondoka.

Kisha kidogo Bibi Mwanvua akaja mulangoni. Alikuwa ameshika sahani ya bati yenye jina lake, ameiosha, inadondoka maji. Akasema, «Kuanzia leo uniwekee humu. Wale wenzangu wanashinda na njaa ju yangu.» Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Ingekuwa hasira ningepona haraka.

Tangu siku ile alikula nyuma ya jiko, kwenye kigogo, ameangalia ukuta. Alikuja kwenye mikeka, akasuka mwisho wa baraza. Siku ya hadithi hakusema tena, na Atumani akiuliza bibi amepotelea njia gani, watu wanaangalia chini. Sista aliita wanawake wote, akasema kwa ukali kwamba ulozi ni uongo na dhambi, na wote wakasema ndiyo, Sista, na wote waliendelea kuzunguka mbali na kile kigogo. Wiki mbili nzima sikulala vizuri. Nilijichukia.

Ijumaa moja nilishindwa kuvumilia. Nilimupakulia, nikatoka naye nyuma ya jiko, nikakaa kwenye udongo, nikanyosha mukono kwenye sahani yake. Akaifunika haraka na kiganja.

«Hapana, mwanangu.»

«Bibi, nina njaa.»

«Nenda ukule yako. Mvua ni nyingi, watu wanaugua ovyo. Wewe ukiumwa hata kichwa kesho, watasema ni mimi. Na hapa nikifukuzwa, sina tena pahali.»

Nilimwambia mimi siumwi, nina afya ya punda. Nikaondoa kile kiganja, nikatwaa tonge, nikachovya kwenye mboga ya sombe, nikala. Nikatwaa lingine. Alikuwa ananiangalia mudomoni, namna mutu anaangalia mutoto mwenye kupanda juu sana. Kisha naye akala. Tulimaliza sahani. Alilamba kidole, akasema nimezidisha chumvi, kama kawaida ya watu wa Kasongo. Nilifurahi sana kusikia vile.

Siku ya pili yake niliamka natetemeka.

Ilikuwa malaria. Mimi naishika kila masika, mutu yeyote wa muji huu ataapa hivyo, na mbu hawaulizi nimekula na nani. Lakini nilikaa kwenye kitanda, meno yanagongana, nikaona yote itakayofuata: Victoire anahesabu siku kwenye vidole, wanawake wananong'ona, Sista anapigiwa simu, furushi moja na sufuria moja nje ya mulango. Nikameza dawa, nikavaa sweta chini ya kitenge, nikaenda kazini. Nilipika siku tatu na homa. Nilikuwa namimina maji kichwani nyuma ya nyumba na kurudi nikicheka. Victoire aliniuliza, «Mama Faida, macho yako namna gani?» Nikamwambia ni moshi, aje apike yeye aone. Siku ya pili nilianguka juu ya gunia la makala ya kupikia, nikasimama kabla mutu hajaingia. Sikumwambia mutu. Mudomo huu wote, na sikumwambia mutu.

Siku ya ine nilikuwa nimepona. Nikapakua, nikatoka nyuma ya jiko na sahani yake, nikakaa. Hakuipokea.

«Ulikuwa na homa,» akasema.

«Nani alisema?»

«Nimezaa saba. Mutoto mwenye homa namujua kwa kutembea.» Macho yake yalijaa, ndiyo mara ya kwanza nilimuona analia. «Nilikaa siku tatu namuomba Mungu usikufe. Usiku nilifika pahali pa kujiuliza, labda walisema kweli. Labda iko ndani yangu na mimi sijui.»

Nilimwambia ni mbu, nikamuonyesha karatasi ya dawa. Nikaapa. Nikalia na mimi. Alinishika mukono, akanipapasa, akaniambia kama anabembeleza, «Najua ni mbu. Lakini usikule tena na mimi. Siwezi kungoja tena vile, siku tatu.»

Sasa kila muchana, wazee wakishakula, nachukua sahani yangu, natoka nyuma ya jiko, nakaa kwenye kigogo karibu naye. Aliugeuzia mugongo ule ukuta, angalau hiyo niliipata. Tunaongea mpaka chakula kinapoa, ananieleza Lusangi, ananisema ju ya chumvi. Chumvi nyingine iko kwenye kikopo katikati yetu, na nikinyosha mukono kuichukua, yeye anaondoa wake haraka, anauficha ndani ya kitenge mpaka nimalize.