Nilivyowapeleka Watu Msibani

Nilitoka Mbeya asubuhi moja bila kujua niendako, nikashuka Tukuyu kwa sababu tu mvua ilikuwa imekatika. Shule niliiacha mapema, lakini kompyuta siachi kuzichokonoa. Kampuni moja ya chai ikanipa kibarua cha kuhamisha barua pepe zao kutoka programu ya kulipia leseni kwenda programu huria.

Barua za zamani zilinishinda kuhamisha, nikazituma upya zote kwenye mtambo mpya. Sikujua kwamba zingeingia kama za leo.

Saa tano ofisi nzima ilikuwa inasikitika.

"Ambakisye wa stoo kaandika, 'Nimefiwa, karibuni nyumbani,'" alisema Mama Neema, katibu muhtasi. "Maskini, mwaka juzi kamzika mkewe. Sasa nani tena?"

Na mimi nikasikitika. Mkungu wa ndizi niliubeba mwenyewe mpaka kwake, mtaa wa Bagamoyo hapo hapo Tukuyu, akina mama wakilia nyuma yangu.

Ambakisye, aliyekuwa likizo, alitokea mlangoni amevaa suti. Sebuleni walikaa wazazi wa mchumba wake, waliokuja kupaona.

"Jamani, mnamlilia nani?"

"Si umetuandikia leo?" Mama Neema akampa barua aliyoichapa.

Aliisoma mara mbili. "Hii niliiandika mke wangu alipofariki."

"Mke?" Mama wa mchumba akasimama. "Si ulituambia hujawahi kuoa?"

Ambakisye akaikunja ile barua. "Nani anachezea kompyuta za ofisini?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa bado sijaelewa vizuri, lakini mkungu niliutua chini taratibu.