Haragwe Lenye Doa Ubavuni

Barua ilinifikia Walikale kupitia mkono wa mume wangu, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali ya teritwari na aliyependa kusoma barua za watu kabla ya wenyewe. Shule yangu ya zamani kule Masisi ilikuwa inawaita wanawake iliowalea, waje siku tatu kukaa na wasichana wapya na kuwaonyesha jinsi mke aliyesoma anavyoishi. Mume wangu alifurahi kuliko mimi. Alisema nivae viatu.

Nilikubali kwa sababu moja tu, ambayo sikumwambia. Nilitaka mbegu za mama yangu.

Kwetu, juu ya vilima vya upande wa Nyabiondo, mwanamke hapandi haragwe la rangi moja. Anapanda mchanganyiko: mekundu, meusi, ya njano, ya madoa, yote katika shamba moja. Mvua ikizidi, mengine yanaoza na mengine yanasimama. Jua likizidi, yanabadilishana. Mchanganyiko wa nyumba hii si wa nyumba ile, na binti hupewa wa mama yake siku anapoolewa. Mimi nilipewa mapema, nikiwa mtoto bado, wakati vita vya Wazungu havijaisha, kwa sababu shule ilitaka kila msichana aje na kikapu cha mbegu kwa shamba lake. Mama alinijazia kikapu hadi juu, akabaki na kidogo.

“Beba hii,” aliniambia. “Mavuno ikifika, utanirudishia nusu. Na usiichague. Iko vile, iache vile.”

Kazi ya kwanza tuliyofundishwa, hata kabla ya herufi, ilikuwa kuchagua. Mtawa aliyesimamia shamba, tukimwita masere kama watawa wote, alimwaga vikapu vyetu juu ya mkeka mmoja na kutuketisha kuuzunguka. Mekundu huku, meupe huku. Hayo ndiyo yangepandwa. Yaliyobaki yalikwenda jikoni. Alisema shamba la mtu mwenye akili linajulikana kwa mistari yake. Basi mimi nilikuwa na vidole vyepesi, nikasifiwa mbele ya wote. Kulikuwa na haragwe moja la kwetu ambalo ningelijua popote, rangi ya maziwa na doa jeusi ubavuni, lile ambalo mama alisema halishindwi na mvua. Nililitupa upande wa jikoni pamoja na mengine, tena kwa furaha. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka uleule jiko la nyumbani liliungua, na mbegu alizozitundika mama juu ya moshi zikaungua nalo. Akabaki ananingoja mimi. Nilirudi likizo na kikapu cha maharagwe meupe, safi, kama meno ya mtoto. Mama alitia mkono ndani, akakoroga hadi chini, akatafuta.

“Iko safi,” alisema.

Aliyapanda, mvua ikaja, yakaoza. Tangu hapo alipanda mbegu za kuomba kwa majirani, mpaka nilipoolewa na kushuka Walikale bila kikapu chochote. Alikufa nikiwa na mimba ya tatu, na habari ilinifikia ameshazikwa. Sikulia. Nilingoja kilio siku nyingi, kisha nikaacha kungoja, nikaendelea kumenya mihogo.

Nilipanda lori la mafuta ya mawese, nikashukia njiani na kumaliza safari kwa miguu, viatu mkononi. Masere alikuwa amezeeka. Alisema ananikumbuka, akanitaja kwa jina la mwingine. Niliwaambia wasichana yote niliyotakiwa kusema, kuhusu sabuni, sindano na kumtii mume, na sauti yangu niliisikia kama inatoka chumba cha pili. Nilipomaliza nilikwenda jikoni. Mpishi alikuwa mama yuleyule wa siku zetu.

“Mama,” nilimwuliza, “yale maharagi ya madoa tulikuwa tunatupa, hakuna yenye ilibakia?”

“Ibakie wapi? Tulikula. Na ni wewe ulikuwa unaomba kuongezewa sahani.” Alicheka. Nami nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Kesho yake asubuhi mkeka ulitandikwa. Masere aliniita nikae na wasichana wapya niwaonyeshe, na vidole vyangu vilianza vyenyewe, huku na huku. Karibu nami alikaa msichana mmoja wa Nyamitaba, mdogo, shingo nyembamba. Alipomwaga kikapu chake niliyaona: rangi ya maziwa, doa ubavuni. Labda hayakuwa yaleyale ya kwetu. Doa lilikuwa mahali pake.

Nilimwinamia. “Hii ya madoa, ficha mu pindo ya kikwembe yako. Rudishia mama yako.”

Alinitazama kama mtu aliyeona mwalimu wake akiiba. “Mama, masere alisema iko ya jikoni.”

Akayasukuma yote upande ule, haraka, kwa vidole vyepesi. Masere aliyekuwa nyuma yetu akamsifu.

Ningeweza kunyoosha mkono nikachukua kiganja kimoja. Mkono ulibaki magotini. Nilijiambia nitakwenda kuomba baadaye, bila macho ya watu. Lakini masere alinishika mkono akanionyesha vitambaa walivyotarizi wasichana, kimoja baada ya kingine, nami nikasema vizuri, vizuri, kwa sababu shuleni kwetu mtu hakatizi masere. Nilipofika jikoni jua lilikuwa limepita utosini. Chungu kilikuwa kinachemka. Nilifunua nikatazama. Doa hutoka katika maji ya moto. Yote yalikuwa yamekuwa rangi moja, ya udongo.

“Ulikuwa na njaa hata zamani,” mpishi alisema, akanipakulia sahani ya kujaa.

Niliketi kwenye kigoda chake nikala. Yalikuwa laini, yana chumvi ya kutosha. Nikamrudishia sahani aniongeze.